Dakika ya kwanza ya injini ya mtumbwi

Injini ya mtumbwi inayonoki katikati ya ziwa mara nyingi ilianza kuumia mwaloni, wakati ule ule kamba ilipovutwa. Kwa mvuvi wa kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, jambo hili ni zito kuliko kwa mwenye gari mjini. Gari likizima Muleba, dereva anashuka na kuita fundi. Mashine ikizima kati ya Goziba na nchi kavu, watu wanabaki na makasia, upepo na simu isiyo na mtandao.

Kuumia huko kwa wakati wa kuwasha kupo hata kwenye magari. Kwenye nchi za baridi kali, kama Kanada, kuna watu wanaowasha gari kwa rimoti wakiwa bado ndani ya nyumba. Hata huku baadhi ya magari yaliyotumika Japani huja na kifaa hicho. Swali linaloulizwa kila mara ni kama kinaharibu injini. Rimoti yenyewe haina kosa. Gari likilala, oili inashuka chini kwenye sampu, na likiwashwa pampu inahitaji sekunde chache kuipandisha hadi juu. Kinachoumiza ni kukanyaga resi kabla oili haijafika, au kuliacha gari linaunguruma nusu saa nzima hadi petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuichujua oili. Bukoba, ambako asubuhi hewa huwa ya nyuzi joto 16 au 17, nusu dakika inatosha; ondoka taratibu na injini itapata moto njiani. Na usiwashe gari kwa rimoti likiwa ndani ya banda lililofungwa, maana gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wake inaua mtu bila harufu ya kumshtua.

Goziba hakuna rimoti, ila kanuni ni zile zile, na adhabu yake ni kali zaidi kwa sababu injini za mitumbwi zimeundwa tofauti. Yamaha za nguvu farasi 15 na 40 zinazotumika sana ziwani ni za mipigo miwili, yaani tu-stroko. Hazina sampu ya oili. Oili yote inayolainisha pistoni, ringi na beringi inakuja ikiwa imechanganywa kwenye petroli. Ukikosea mchanganyiko kwenye dumu, umeikosesha injini oili tangu mvuto wa kwanza.

Nyingi kati ya hizi zinataka petroli 50 kwa oili 1. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni mililita 400. Zipo zilizoundwa kwa 100 kwa 1, kwa hiyo angalia maandishi ya injini yako au kitabu chake, usimwige jirani. Injini mpya, kwa saa 10 za mwanzo, hupewa 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa dumu lile lile, na haivutwi resi ya mwisho. Oili yenyewe iwe ya injini za boti, yenye alama TC-W3 kwenye chupa. Oili ya gari au ya pikipiki ya mipigo minne ina viungo vinavyoacha majivu ikiungua. Majivu hayo yanaziba plagi na kugandisha ringi. Pima kwa kopo lenye alama. Kukadiria kwa macho ni njia ya haraka ya kununua pistoni.

Petroli inafika kisiwani kwa madumu, ndani ya boti, mara nyingi mvua ikinyesha. Maji yakiingia yanakaa chini, kwa kuwa petroli ni nyepesi. Acha dumu litulie, mimina polepole, na ule mkupuo wa mwisho usiingie kwenye tangi. Ukitaka uhakika, weka kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani: maji utayaona yamejitenga chini. Petroli yenye maji haileti kuzima tu. Tone la maji likikaa kwenye jeti ya kabureta, silinda inapata mafuta kidogo, na mafuta yakipungua oili nayo inapungua.

Sasa kamba. Kwanza legeza kifuniko cha hewa cha tangi, minya ule mpira wa mafuta hadi uwe mgumu, hakikisha gia iko frii na kamba ya kuzimia imefungwa kwako. Vuta choki. Vuta kamba polepole hadi ikaze, ndipo uivute kwa nguvu, na uirudishe kwa mkono badala ya kuiachia. Injini ikishika, rudisha choki mapema iwezekanavyo.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: mashine inashika, na papo hapo mtu anavuta resi ili apishe mitumbwi mingine. Pistoni ni ya aluminiamu, ukuta wa silinda ni wa chuma. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Tena silinda inazungukwa na maji ya ziwa ya nyuzi joto kama 25, wakati kichwa cha pistoni kinapigwa na moto. Pistoni inavimba, silinda bado imebana, na utando wa oili unakatika. Nikifungua injini iliyonoki hivyo, naijua kabla mwenyewe hajaeleza. Pistoni ina mikwaruzo minne ya wima, imegawanyika kuizunguka karibu sawasawa, na aluminiamu imepakazwa kwenye chuma kama risasi iliyoyeyuka. Iliyonoki kwa kukosa oili huwa imechubuka karibu pande zote. Pistoni haisemi uongo.

Kwa hiyo iache kwenye sailensa dakika mbili au tatu, kisha nusu resi hadi utoke kwenye msongamano wa mwalo, ndipo ufungue. Usizidishe pia. Tu-stroko ikikaa sailensa muda mrefu, oili isiyoungua inalowesha plagi na kaboni inajaa kwenye ekzosi.

Katika dakika hizo usiangalie simu. Angalia maji. Nyuma ya injini kuna tundu dogo linalorusha mchirizi: huo ndio ushahidi pekee ulionao kwamba pampu ya maji inafanya kazi. Mchirizi ukikosekana, ukiwa dhaifu au ukitoka kama mvuke, zima hapo hapo. Huenda ni gugumaji au kipande cha nyavu kilichoziba matundu ya kuingizia maji chini. Huenda ni mchanga kwenye tundu la kutokea, ambao waya mwembamba unautoa. Kama si hivyo, impela imekwisha.

Impela ni gurudumu la mpira lenye mapezi, ndani ya mguu wa injini, na linalainishwa na maji yale yale linayosukuma. Ukiwasha injini ikiwa nchi kavu ili tu usikie kama inaita, sekunde chache zinatosha kuchoma mapezi hayo. Wala usiwashe mguu ukiwa umegusa mchanga kwenye kina kifupi. Sukuma mtumbwi kwanza. Wenzetu wa Unguja na Pwani hulazimika kuosha injini kwa maji baridi kila wakitoka baharini, kwa sababu ya chumvi. Ziwa Victoria limetuondolea kazi hiyo. Mchanga wa mwaloni halijatuondolea, nao unaila impela polepole bila kelele.

Kuna matajiri wa mitumbwi wanaonunua nyavu mpya kila msimu lakini impela haijabadilishwa tangu injini inunuliwe. Siwaelewi, maana wanaopanda mtumbwi huo ni vijana wa watu. Bei ya impela ni ndogo mno ukilinganisha na ya pistoni, silinda na ufundi wake. Kama yako imefikisha mwaka, mwambie fundi afungue mguu kabla ya safari ijayo, na uitazame kwa macho yako: mapezi yaliyopinda upande mmoja na kukaa hivyo, au yenye nyufa kwenye mashina, hayafai kwenda kilindini.