Korosho, mchanga na oili iliyoungua

Magunia 12 ya korosho, kila moja kilo 80, ni kilo 960. Ongeza dereva, utingo na mwenye mali, ambaye hakubali kuachana na mzigo wake mpaka auone unaingia ghalani, na pikapu ya tani moja imeshazidiwa kabla haijatoka shambani. Kuanzia Oktoba hadi Desemba hiyo ndiyo kazi ya magari madogo ya Nachingwea na Ruangwa: kutoa korosho vijijini, kuzifikisha kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), zisubiri minada ya RUNALI, chama kikuu kilichobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ufuta unakuwa umeshatangulia katikati ya mwaka. Na korosho za mwisho zinapotoka, mvua nazo zimeshaanza.

Pikapu nyingi za huku bado ni za gia za mkono, na kwa kazi hii sioni ubaya wake. Lakini miaka ya karibuni double cabin za otomatiki zimeongezeka: Hilux, Ranger na nyinginezo. Zinakuja na miradi, na kampuni za madini ya kinywe huko Ruangwa, na wanunuzi wa mazao. Zikishachoka mikononi mwa mmiliki wa kwanza, huuzwa, na mfanyabiashara wa mjini anajipatia gari ya dizeli yenye nguvu kwa bei anayoimudu. Kitabu cha matengenezo mara nyingi hakiambatani nayo. Anachokabidhiwa ni funguo na kadi ya gari.

Shida inaanzia hapo. Klachi ya gia za mkono ikiungua, inanuka, na dereva anaacha kuilazimisha. Giaboksi ya otomatiki haina taarifa ya mapema namna hiyo. Inaungua ndani kwa ndani, miezi na miezi, hadi asubuhi moja gari inavuma tu haiendi, au inaingia gia ya tatu kwa kishindo. Wakati huo fundi hana tena cha kuokoa isipokuwa kushusha giaboksi nzima, na gharama yake inaweza kumeza faida ya msimu.

Chini ya giaboksi kuna bakuli pana la bati la chuma, ambalo mafundi wetu huliita sampo. Oili inakaa humo. Juu yake, ikiwa imezama kwenye oili, kuna filta, na pampu huvuta oili kupitia hapo. Oili hiyo haina kazi moja ya kulainisha. Ndiyo inayobeba nguvu ya injini ndani ya toki konveta, ndiyo inayobana sahani za klachi kwa presha, na ndiyo inayoondoa joto. Filta ikiziba, pampu inakosa oili ya kutosha, presha inashuka, sahani hazibanwi sawasawa, zinateleza, na zikiteleza zinasagika. Vumbi la msago huo linarudi kuziba filta zaidi.

Sasa ipeleke gari hiyo kwenye mchanga wa njia za mashambani, na zaidi ya kilo 960 mgongoni. Mwendo ni mdogo, injini inanguruma, matairi yanazama. Ndani ya toki konveta, upande wa injini unazunguka kwa kasi na upande wa magurudumu unakaribia kusimama. Tofauti hiyo yote inageuka joto ndani ya oili. Upepo wa kupoza haupo kwa sababu gari haitembei, na mbele ya rejeta mbegu za nyasi na tope vimejaza nafasi zote. Wataalamu wa oili hizi wana kanuni ya makadirio: joto likishapita nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa karibu nusu. Oili ambayo kiwandani walisema itadumu maisha yote ya gari haikupimiwa barabara ya kwenda Liwale wakati wa masika.

Kabla ya kufikiria kununua sampo mpya, iliyo kubwa zaidi, kwa hiyo, mtu aanze kwa kuifungua iliyopo. Ni kazi inayoonekana ndogo, lakini ina mambo yake. Gari isimame mahali tambarare, iwekewe stendi za chuma, wala si jeki peke yake. Baadhi ya sampo za kiwandani hazina nati ya kumwagia oili; kwa hizo fundi hulegeza bolti za upande mmoja kwanza ili bakuli liiname na oili imwagikie kwenye beseni pembeni badala ya usoni mwake. Oili nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Iliyochoka ni ya kahawia. Iliyoungua ni nyeusi, na harufu yake huhitaji kuelezwa, utaijua mwenyewe. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ama kwenye kivuko cha mto, ama kupitia rejeta iliyotoboka ndani, na maji yanabandua gundi ya sahani za klachi.

Kisha sampo yenyewe igeuzwe. Ndani yake zimelala sumaku ndogo. Zikiwa na utelezi wa kijivu, laini kama unga, hiyo ni kawaida ya chuma kinachosuguana. Zikiwa na vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole, gari hiyo haihitaji filta, inahitaji kufunguliwa. Utamsikia fundi mkweli akimwambia mteja wake, “Bosi, tusidanganyane, hapa oili mpya haitasaidia.” Fundi wa namna hiyo ashikwe vizuri.

Kosa moja dogo huharibu kazi nzima: filta ya zamani ikitoka, pete yake ya mpira mara nyingine hubaki juu, imenasa kwenye tundu. Fundi mwenye haraka anasukuma filta mpya yenye pete mpya juu ya ile kuukuu. Haikai sawasawa, pampu inavuta hewa, na mteja anarudi baada ya siku chache analalamika kwamba gari ilikuwa nzima kabla haijaguswa. Ana haki ya kulalamika.

Halafu ndiyo tuje kwenye sampo kubwa, ile wanayoiagiza watu wanaopenda gari zao. Ni ya aluminiamu ya kusubu, ina kina kuliko ya kiwandani, ina mapezi ya kupoza kwa chini, ina nati ya kumwagia oili, na nyingine zina tundu la kufungia kipima joto. Huongeza lita kadhaa za oili. Faida yake ni ya kweli. Oili ikiwa nyingi inachelewa kupata moto, na gari ikipanda kilima kikali filta haibaki hewani. Filta yake lazima iwe ya kina hichohicho, au iongezewe shingo, vinginevyo lita zilizoongezwa chini hazifikiwi ipasavyo.

Ila tusiitarajie ifanye kazi isiyo yake. Sampo kubwa inachelewesha joto; kinacholiondoa kwa uhakika ni kipoza oili cha mbele, kilicho safi na kinachopata upepo. Mwenye fedha ya kimoja kati ya hivyo viwili, aanze na kipoza oili.

Na kuna jambo ambalo watengenezaji wa sampo hizo, wengi wao wakizitengeneza kwa ajili ya barabara za lami za Marekani, hawalifikirii kabisa. Malori yanayobeba korosho na mbao huchimba mifereji miwili mirefu kwenye udongo uliolowa, na katikati yake hubaki tuta. Tope likikauka, tuta linakuwa gumu. Pikapu inayofuata, yenye matairi madogo, inapita ikikwaruza tumbo. Katika barabara hiyo, kila sentimita iliyoongezwa chini ya giaboksi ni sentimita iliyopunguzwa ya uhai. Chuma kikigonga kisiki hubonyea, aluminiamu ya kusubu hupasuka, na oili yote inabaki porini. Hata hiyo ya chuma iliyobonyea isipuuzwe: bati likisukumwa juu linaweza kukaribiana na mdomo wa filta na kuifunga njia ya oili. Kwa hiyo anayefunga sampo kubwa huku bila bamba la kinga chini yake anatafuta hasara. Na apime kwanza kama inapishana na propela ya mbele, maana kwenye gari za 4x4 nafasi hiyo ni finyu.

Mji wa Nachingwea unaijua vizuri hasara ya mashine iliyoletwa bila kupimiwa udongo. Ulikuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pamoja na Kongwa na Urambo. Baadhi ya matrekta, yaliyoitwa Shervick, yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kulima. Kule Kongwa, mwaka huohuo wa kwanza, theluthi mbili ya matrekta yaliyoagizwa yalikuwa hayafanyi kazi kabla mwaka haujaisha. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango huo, ikafuta paundi milioni 36 vitabuni. Hata reli iliyojengwa kuunganisha Nachingwea na bandari ya Mtwara ilifungwa na kung'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Tangu hapo mazao ya eneo hili yanategemea magurudumu ya mpira, na ndiyo maana giaboksi ya pikapu si jambo dogo hapa.

Kwa mwenye pikapu moja inayomlisha, ushauri wangu ni huu. Abaki na sampo ya kiwandani kama haijabonyea. Kama haina nati ya kumwagia oili, ampelekee mchomeleaji mzuri aifungie, ikiwa imeshushwa na kuoshwa, na uso wa gasketi usipinde kwa moto. Abadilishe filta na gasketi. Bolti za sampo ni ndogo na zinakazwa kidogo tu. Fundi anayezikaza kwa nguvu za bolti za tairi atazing'oa meno. Akimwaga oili kwa njia hii atapata karibu nusu yake, nyingine imebaki kwenye toki konveta, kwa hiyo oili ikiwa imechoka sana airudie kazi hiyo baada ya safari chache.

Rangi nyekundu isimdanganye dukani. Oili za otomatiki nyingi ni nyekundu, lakini Toyota WS si Mercon LV, na hakuna kati ya hizo inayofanana na Dexron ya zamani. Gari nyingi mpya hazina hata kijiti cha kupimia. Kimo cha oili hupimwa kwa tundu la pembeni, injini ikiwa inawaka na oili ikiwa na joto lililoandikwa na mtengenezaji. Na dereva, akiufikia mchanga, aweke 4L, yaani gia nzito ya 4x4, kabla hajazama. Mzigo wa toki konveta unapungua papo hapo, bila kununua kitu chochote.

Kinachokwamisha wengi ni spea. Filta ya gari ya otomatiki hutafutwa Gerezani, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, ikatumwa kwa basi, na ikifika si ya namba yake inarudishwa kwa basi hilohilo. Gari imesimama juu ya stendi, tumbo wazi, na korosho ziko uani. Wenye maduka ya vipuri Nachingwea na Ruangwa wanaweza kulimaliza hili kwa rafu moja tu: filta, gasketi na oili sahihi za aina mbili tatu za pikapu zinazojulikana. Agosti na Septemba, ufuta umeshauzwa na barabara bado kavu, ndiyo miezi ya kushusha sampo. Rafu hiyo iwe imejaa kufikia Julai.