Dakika Kumi na Sita: Meli Inavyojilinda na Maharamia

Mdogo wangu alinipigia simu saa sita usiku, wiki ile ile ya majaribio. Kwa kuwa huwa hapigi bila kubipu kwanza, nikajua kuna jambo. "Dada, nimepata meli," akasema. Alimaliza kozi ya ubaharia mwaka jana, na tangu hapo ni kuzunguka na cheti tu mjini. Sasa wakala mmoja amemletea mkataba wa miezi tisa kwenye meli ya mizigo, inapakia saruji Ghuba na kushusha kwenye bandari za upande wetu. Mama alikuwa ameshaanza kutoa shukrani. Mimi nikauliza kitu kimoja: inapita wapi? "Pwani ya Somalia, halafu inashuka huku." Tukanyamaza wote wawili.

Mimi nasoma sheria, hata kuogelea ni kwa kubahatisha. Lakini mwaka wa pili nilipangiwa kesi ya uharamia kwenye mashindano ya mahakama ya kuigiza, nikajikuta nasoma habari za meli kuliko za sheria. Nilichokuja kuelewa ni kwamba meli ya biashara haijilindi kwa kumshinda haramia nguvu. Inajilinda kwa kununua dakika, basi. Ukilishika hilo, mengine yote unayosikia, waya, mabomba ya maji, walinzi, manowari, yanakaa mahali pake.

Tuanze na haramia mwenyewe. Yule wa pwani ya Somalia hana meli ya maana. Anatoka na jahazi au meli ya uvuvi, mara nyingi aliyoiteka, ndiyo inayobeba mafuta, chakula na watu, na kwa njia hiyo anaweza kufika mamia ya maili kutoka nchi kavu. Akiona windo anashusha boti mbili ndogo za mwendo kasi, kila moja na vijana watano sita, bunduki, na ngazi ndefu yenye kulabu. Wanakuja kwa nyuma, upande wa tezi, maana huko rada inahangaika kuzitofautisha boti ndogo na mawimbi. Wanachotaka ni kufika chumba cha usukani. Wakishamwekea nahodha bunduki kichwani, manowari itakayofika baada ya hapo haikuti tena meli ya kuokoa, inakuta mateka.

Sasa fanya hesabu, ni ya darasa la saba tu. Boti inakwenda noti 25, meli iliyosheheni inakwenda noti 14. Boti inamkaribia kwa tofauti ya noti 11, yaani maili 11 za baharini kwa saa. Kama baharia wa zamu ameiona ikiwa maili tatu nyuma, wana dakika kama 16. Nahodha akiweza kupandisha mwendo hadi noti 18, tofauti inabaki 7, na zile dakika 16 zinakuwa karibu 26. Na kama yule wa zamu alikuwa macho kweli, ana darubini, hachezei simu, akaiona boti ikiwa maili tano, zinakuwa 43. Ndani ya dakika 43 mtu ana nafasi ya kupiga simu UKMTO, kituo cha jeshi la majini la Uingereza kinachopokea taarifa hizi, kuwakusanya wenzake, na helikopta ya manowari iliyo jirani ikafika. Dakika 16 ni za kuvaa viatu na kusali.

Ndiyo maana mwongozo ambao vyama vya wenye meli walitoa mwaka 2011 uligusia jambo ambalo sijalisahau: mpaka wakati ule hakukuwa na taarifa ya haramia kufanikiwa kupanda meli iliyokuwa inakwenda zaidi ya noti 18. Kitu cha pili ni kimo cha ubavu wa meli juu ya maji. Meli kubwa ya makontena ni ukuta wa ghorofa kadhaa, ngazi haifiki. Meli iliyojaa saruji au makaa imekaa chini, ukingo wake unakaribia kushikwa kwa mkono. Aris 13, ile meli ndogo ya mafuta iliyotekwa Machi 2017 baada ya miaka mitano ya utulivu, ilikuwa ya aina hiyo: mwendo mdogo, ubavu mfupi, na ilipita karibu na pwani.

Vifaa vinavyoongezwa melini, ukiviona, vinachekesha kidogo. Waya wa wembe unazungushwa ukingoni kama uzio wa nyumba ya tajiri wa Masaki. Mipira ya zimamoto inafungwa ikimwaga maji kwa nje muda wote, kwa sababu boti ikijaa maji inakuwa nzito na ngazi inateleza. Masanamu yanavishwa ovaroli na kusimamishwa sitahani yaonekane ni walinzi. Nahodha naye anayumbisha meli kidogo kushoto na kulia ili mawimbi ya nyuma yaitikise boti. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomzuia haramia aliyekusudia, lakini kila kimoja kinamla dakika mbili tatu.

Na Mungu naye ana ulinzi wake. Wazee wetu wa pwani wanajua kwamba kusi ikivuma sawasawa, chombo kidogo hakina kazi nje ya mwamba. Haramia hali kadhalika. Mashambulizi yalikuwa yakipungua kati ya Juni na Septemba, na yakirudi wakati wa maleleji, bahari ikiwa shwari.

Wakishapanda, kinabaki chumba cha mwisho, ambacho mabaharia wanakiita sitadeli: chumba chenye mlango wa chuma, mara nyingi huku chini kwenye mitambo, chenye maji, chakula na simu ya setilaiti. Wote wanaingia, wanazima injini, haramia anabaki juu na meli isiyokwenda. Septemba 2010 mabaharia 11 wa Magellan Star walifanya hivyo, wakawa wanawasiliana na nje mpaka wanamaji wa Marekani wakapanda na kuwakamata maharamia tisa bila mtu kuumia. Siri ni kwamba askari walijua hakuna baharia aliyebaki nje. Mmoja akichelewa, akashikwa, sitadeli haina maana tena. Na hata wote wakiwahi, dakika lazima ziwe na mwisho: Januari 2011 wale wa Beluga Nomination walijifungia karibu na Shelisheli, msaada haukuwa karibu, na baada ya siku kama mbili maharamia wakaukata mlango. Baadhi ya mabaharia hawakurudi nyumbani.

Halafu kuna walinzi wenye bunduki, ambao ndio watu wengi wanadhani ni jibu lenyewe. Kwa kiasi fulani ni kweli. Maersk Alabama ilitekwa Aprili 2009 ikileta chakula cha msaada Mombasa, bila silaha yoyote ndani. Mabaharia walijificha wakaiokoa meli, lakini nahodha Richard Phillips akachukuliwa kwenye boti ya kuokolea, na kilichofuata wengi mmekiona kwenye sinema. Novemba mwaka huo huo meli hiyo hiyo ilivamiwa tena. Safari hii ilikuwa na walinzi, wakajibu risasi, boti zikageuza. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Biashara, kupitia ofisi yake ya masuala ya bahari, lilihesabu mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali. 2012 yakawa 75, na 2013 yakawa 15. Manowari zilichangia sana: za Umoja wa Ulaya, Marekani, China, India na nyinginezo, zikilinda ule ujia wa maili 490 hivi katika Ghuba ya Aden. Walinzi nao walichangia.

Ila bunduki ina gharama yake. Februari 2012, nje ya pwani ya Kerala, wanajeshi wawili wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwapiga risasi wavuvi wawili wa Kihindi wakidhani ni maharamia. Wavuvi walikufa, na shauri likazunguka mahakamani kwa miaka mingi. Nikisoma hiyo huwa nawafikiria wavuvi wetu wa Mtwara na Lamu. Nao wana boti ndogo yenye injini, nao wako watano sita, nao wakati mwingine wanaikimbilia meli ili isiwachanie nyavu.

(Kwa wenzangu wa sheria: Mombasa ndiko maharamia wengi walikoletwa kushtakiwa. Novemba 2010 jaji wa Mahakama Kuu alisema Kenya haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji yake. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikatengua. Isomeni, ni nzuri kuliko mifano tunayopewa darasani.)

Wengine watasema hayo yamepita. Yalipita mpaka watu wakajiamini: Januari 2023 wenye meli waliondoa rasmi alama ya "eneo la hatari" kwenye Bahari ya Hindi. Desemba mwaka huo huo, macho yote yakiwa Bahari ya Shamu kwa Wahouthi, meli Ruen ikatekwa, na ikakaa mikononi mwao hadi Machi 2024 ilipokombolewa na jeshi la majini la India. Mwezi huo huo Abdullah ya Bangladesh, imesheheni makaa kutoka Maputo, ikachukuliwa na mabaharia 23. Walitoka baada ya mwezi mmoja.

Hao walikuwa na mwenye meli aliyewajali. Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010 na mabaharia wake wakakaa karibu miaka mitatu, kwa sababu mwenye meli aliwatelekeza. Wawili hawakutoka. Hii ndiyo sehemu inayoninyima usingizi kuliko bunduki zote. Waya, mwendo, walinzi, bima ya kikombozi, vyote ni hela, na mwenye meli mbahili anaanza kukata hapo hapo. Meli nzuri haiwezi kumtafuta kijana asiye na uzoefu kwa wakala wa mtaani usiku. Labda nakosea, lakini ndivyo ninavyoona.

Kwa hiyo sikumwambia mdogo wangu asiende. Ningemwambia kwa uso gani, wakati ada yangu ya semista hii imetoka kwenye kibanda cha mama cha samaki? Nilimwambia amuulize wakala, kwa maandishi: meli inakwenda noti ngapi ikiwa imejaa, na ubavu wake unabaki mita ngapi juu ya maji. Kama kuna sitadeli na simu ndani yake. Kama walinzi wanapanda kabla ya Somalia. Kama meli inajiandikisha kwa UKMTO kabla ya kuingia eneo lile. Na akitekwa, nani anaendelea kumlipa mama mshahara, na bima ya kikombozi ni ya kampuni gani.

Wakala alimjibu kwanza kwamba maswali hayo ni ya nahodha, si ya kijana wa sitahani. Juzi akatuma picha ya meli. Imepakiwa, imelala majini mpaka mstari mwekundu hauonekani, na ukingoni kuna mtu amekaa anavua samaki kwa mshipi mfupi. Noti 11, akaandika chini yake. La bima hajajibu, na mkataba unasubiri saini mpaka Ijumaa.