Mnada Wakati wa Matanga

Wahenga walinena kwamba kufa kufaana. Ni neno zito, na si kila alitamkaye hulitamka kwa nia moja. Mrithi ana maana yake, mshona sanda ana yake, na mwizi wa vyombo vya marehemu naye ana yake. Mimi hulikumbuka neno hilo kila nizifikiripo habari za wachuuzi wa Marekani waliokuwa wakinadi vitu vyao kwa njia ya intaneti mwaka wa 2001, walipofikwa na msiba wa taifa zima na soko lao likanyamaza kimya. Kisa chao kina mengi ya kutufaa sisi watu wa Pwani, ambao biashara ni urithi wetu na msiba si mgeni kwetu.

Kwanza tuelewane juu ya mnada wenyewe. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuita. Dalali wetu husimama mbele za watu, akainua kitu juu, akapaza sauti. Huyu atoa mia, yule atoa mia na hamsini, hata sauti zikome. Lakini mwaka wa 1995 kijana mmoja aitwaye Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris wa wazazi wa Kiirani, aliyekuwa akikaa California, alianzisha mnada usio na dalali wala uwanja. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kijitochi cha miali ya leza, tena kibovu, nacho kikaleta dola 14 na senti 83. Soko hilo ndilo lililokuja kuitwa eBay.

Kazi yake mwaka ule wa 2001 ilikuwa hivi. Mwenye kitu hukipiga picha, akakieleza, akataja bei ya kuanzia na idadi ya siku: tatu, tano, saba au kumi. Wakati huo alilipa ada ndogo ya kukiweka sokoni, kiuzwe kisiuzwe; na kikiuzwa alikatwa fungu jingine. Siku zikitimia, aliyetoa bei ya juu ndiye mwenye mali, na muuzaji hana ruhusa ya kugeuka hata kama bei ni ya kutupa. Wengi wa wauzaji hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa wastaafu wenye stampu na sarafu za kale, akina mama wenye sahani na wanasesere, na watu walioacha kazi za mshahara wakategemea soko hilo kwa kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Ikaja Jumanne ya tarehe 11 Septemba, 2001. Ndege nne zilitekwa, majumba mawili marefu ya New York yakaanguka, Pentagon ikapigwa, na watu wapatao 3,000 wakafa katika asubuhi moja. Basi mfikirie, msomaji mpenzi, yule aliyeweka kitu chake Jumanne ya tarehe 4 kwa muda wa siku saba. Mnada wake ulifika kikomo siku ile ile. Na ada ya soko hilo ni kwamba washindani wengi hujitokeza dakika za mwisho. Lakini dakika hizo watu walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakilia, au wanapiga simu kutafuta jamaa zao. Kitu cha dola hamsini kingeweza kwenda kwa bei ya kuanzia, na mwenyewe hana budi kukifunga na kukipeleka.

Tena hata aliyepata mnunuzi hakupata fedha upesi. Wakati huo wengi walilipa kwa hundi na mani oda zilizotiwa ndani ya bahasha. Ndege za abiria zilizuiwa kuruka mpaka tarehe 13, na soko la hisa la New York lilifungwa mpaka tarehe 17. Kabla barua hazijatulia, likazuka jambo jingine la kutisha: bahasha zenye vijidudu vya kimeta zilipelekwa kwa watu wa magazeti, televisheni na wakuu wa serikali. Watu watano walikufa na wengine 17 wakaugua. Wawili katika hao watano walikuwa wafanyakazi wa posta mjini Washington. Biashara iliyotegemea bahasha na vifurushi ikawa haina adui mkubwa kuliko bahasha yenyewe.

Lakini uzito mwingine haukuwa wa posta. Ulikuwa wa haya. Je, ni adabu kunadi mwanasesere hali wenzio wanafukua kifusi wakitafuta maiti za watoto wao? Muuzaji mwenye moyo aliona aibu kuweka tangazo jipya. Na asiye na moyo aliona nafasi. Walitokea waliotaka kunadi vitu vya majumba yale yaliyoanguka, na magazeti ya siku ya msiba kwa bei za ajabu. Wenye soko wakapiga marufuku, kwa muda, kila kitu kilichohusu majumba yale na Pentagon. Kwa hili nawapa haki yao. Kufa kufaana ina mpaka wake: kuuza sanda ni kazi ya halali, bali kuuza mauti yenyewe si biashara ya muungwana.

Tarehe 17 Septemba kampuni hiyo ilitangaza mnada wa sadaka. Ilitaka zikusanywe dola milioni 100 kwa siku 100, na kila senti iende kwa waliofikwa. Yenyewe ilisamehe ada zake. Mtangazaji mashuhuri Jay Leno alitoa pikipiki yake ya Harley-Davidson iliyotiwa sahihi za watu maarufu, ikauzwa kwa dola 360,200. Wadogo nao walitoa vyao kwa maelfu. Lakini manung’uniko hayakukosekana, kwa kuwa aliyeshiriki alilazimishwa kutumia njia ya malipo ya Billpoint, iliyokuwa ya kampuni hiyo hiyo, na wengine wakauliza kama huku ni kusaidia wafiwa au kuvuta wateja. Mnada ulipofungwa siku ya Krismasi, zilikuwa zimepatikana kama dola milioni 10, yaani sehemu moja katika kumi.

Mimi siwacheki kwa hesabu hiyo. Milioni 10 si haba. Ila naona kwamba kila mmoja hakubeba mzigo kwa bega lililo sawa. Kampuni ilimaliza mwaka wa 2001 na faida ya dola milioni 90. Mchuuzi mdogo, ambaye mauzo yake yalikuwa yamelala, aliombwa atoe kitu kile kile ambacho angekiuza apate chakula. Sadaka ya tajiri hutoka katika ziada, na sadaka ya maskini hutoka katika chungu.

Basi waliishije? Wenye busara walipunguza vitu walivyoweka, ili wasilipe ada bure. Wengine walipandisha bei ya kuanzia, au wakaweka bei ya siri ambayo kitu hakiuzwi chini yake. Wako waliowafungulia mlango wanunuzi wa Uingereza na Ujerumani, ambako msiba ulisikitikiwa lakini mikono haikufungwa. Hofu ya kimeta ilipoingia, mwenye akili aliandika jina na anwani yake waziwazi juu ya kifurushi, akamjulisha mnunuzi mapema kitafika lini na kina umbo gani. Na kubwa kuliko yote, walilinda sifa zao. Katika soko lile kila mnunuzi huacha neno la kumsifu au kumlaumu muuzaji, na neno hilo hubaki likisomwa na wote. Aliyemsubiri mnunuzi ambaye hundi yake ilichelewa, bila kumtukana, alipoteza wiki mbili akapata mteja wa miaka.

Hapa pana jambo la kutazamwa na Mwislamu. Siku nne baada ya msiba, Singasinga mmoja mwenye kituo cha petroli katika mji wa Mesa, Arizona, alipigwa risasi akafa, kwa kuwa muuaji aliona kilemba na ndevu akadhani ni Mwarabu. Dukani mtu huhukumiwa kwa uso. Katika mnada usio na uso, kilichosimama mbele ya mnunuzi kilikuwa ni uaminifu wa muuzaji ulioshuhudiwa na watu wengine. Sisemi kwamba chuki haikuingia huko. Nasema kwamba amana iliyoandikwa ilikuwa ngao, na wenye ngao wakati ule walikuwa wachache.

Na sisi tulionja. Tarehe 28 Novemba, 2002, hoteli ya Kikambala ililipuliwa. Watu 13 waliuawa, mbali na walipuaji wenyewe, na kumi katika hao walikuwa Wakenya wenzetu. Mei ya mwaka uliofuata Uingereza ikazuia ndege zake kuja nchini. Niliwaona wachonga vinyago na wauza kanga wa ufuoni wakikaa kutwa bila kufungua pochi. Wao hawakuwa na mnunuzi wa mbali wa kumwandikia. Soko lao lilikuja kwa ndege, na ndege haikuja.

Je, soko lilie kwa muda gani? Dini yetu imetuwekea siku tatu za matanga, isipokuwa mjane na eda yake. Si kwa kuwa marehemu hana thamani, bali kwa kuwa aliye hai ana tumbo. Imepokewa na Abu Daud kwamba mtu mmoja wa Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Akaamrishwa alete alichokuwa nacho nyumbani, nguo na bakuli. Mtume mwenyewe akavinadi. Mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza ni nani azidishaye, na mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja ikawa ya chakula cha watu wake, na ya pili ya kununua shoka, akate kuni auze.

Mnada ule ulifanywa katika dhiki, wala haukuwa aibu. Kwa hiyo yule mama wa Marekani aliyerudi sokoni wiki ya pili na sahani zake, akiwa bado ana majonzi, hakuwadharau waliokufa. Anayewadharau ni yule aliyekwenda kuokota kifusi. Wa kwanza alitafuta dirhamu ya chakula na dirhamu ya shoka. Na taifa lolote likitaka kuinuka baada ya kilio, halina budi kumwachia mtu wa namna hiyo njia apite, tena limnunulie.