Dhamiri na Tafsiri: Maneno ya Kukopa katika Mahubiri ya Kikristo

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi msamiati wa Ukristo katika Kiswahili ulivyojengwa kwa maneno yaliyokuwa na wenyewe, na wajibu unaomkalia mhubiri kutokana na hali hiyo.

Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuta lugha yenye maandishi na fasihi ya Kiislamu. Kitabu cha Mwanzo alikitafsiri kwa msaada wa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohiddin. Baadaye alipendelea herufi za Kirumi, kwa kuhofia kuwa zile za Kiarabu zingeuimarisha Uislamu. Herufi ziliepukika, maneno hayakuepukika. Imani, dhambi, toba, nabii, malaika, kanisa na msalaba yote yana asili ya Kiarabu. Hata Injili, ambalo chanzo chake ni Kiyunani, lilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Nalo neno Mungu, la Kibantu, hutumiwa na Waislamu na Wakristo sawasawa.

Hapa ndipo penye tatizo, kwani kufanana kwa neno si kufanana kwa maana. Mkristo asemapo Mwana wa Mungu, hakusudii uzazi wa kimwili. Mwislamu, ambaye dini yake yakanusha kwamba Mungu ana mwana, husikia ushirikina. Mhubiri anayeificha tofauti hiyo ili apate wafuasi amdanganya msikilizaji. Anayeikejeli amtukana yule aliyemwazima maneno. Hapana budi aieleze wazi maana yake, akiri kwamba neno hilo lina maana nyingine kwa mwenziwe, kisha amwachie hiari.

Neno dhamiri lenyewe latufunza jambo hili. Katika Kiarabu shina lake lahusu kilichofichika moyoni, na Kiswahili kina kitenzi kudhamiria, yaani kukusudia. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 yalitumia kwa ile hukumu ya ndani ya mtu juu ya jema na baya. Kwa asili yake, basi, dhamiri ni mahali asipoingia mtu wa nje kwa nguvu.

Nasi wanalugha tuna sehemu yetu. Mtunga kamusi anayefasiri maneno haya kwa imani moja tu ameipokonya jamii nyingine lugha yake. Ni haki maana zote mbili ziandikwe, kila moja na wenyewe.