Vikapu Vitatu vya Kibudha

Siddhartha Gautama, aliyepewa jina la Buddha, yaani Aliyeamka, hakuacha maandishi. Alifundisha kwa mdomo, kaskazini ya Bara Hindi, kwamba maisha yana dhiki, dhiki huzaliwa na tamaa, tamaa yaweza kukomeshwa, nayo njia ya kuikomesha ipo.

Alipokufa, watawa waliyahifadhi maneno yake vifuani kwa karne kadhaa, wakiyakariri pamoja. Tarikhi za Sri Lanka husimulia kwamba katika karne ya 1 kabla ya Kristo kisiwa kiliingiwa na vita na njaa. Ikahofiwa kwamba kila mtawa afaye huzikwa na sehemu ya mafundisho. Ndipo yakaandikwa, kwa lugha ya Kipali.

Mkusanyo huo huitwa Tipitaka, maana yake Vikapu Vitatu: kanuni za watawa, hotuba na uchambuzi.