Kokteli Isiyo na Sukari Wala Pombe: Malighafi Unayo Shambani



Mavuno yakishaingia ghalani, shughuli nazo huanza: harusi, kipaimara, maulidi, vikao vya ukoo. Meza ya vinywaji tunaijua, na katika shughuli nyingi ni kreti za bia upande huu na kreti za soda upande ule. Sasa yule mgeni mwenye kisukari, ambaye pombe nayo hagusi, anapewa nini? Anapewa maji. Anakaa na chupa yake ya maji mpaka jioni huku wenzake wakigonganisha glasi.

Nikitembelea vikundi swali hili halikosi: "Bwana shamba, mimi sukari imeshanikuta na pombe niliacha. Ninywe nini basi?" Ukiangalia nyuma ya nyumba ya huyo huyo anayeuliza, unaona mchaichai, mndimu, pilipili, na pengine rozela inakaukia kwenye mkeka ikisubiri dalali. Yaani malighafi anayo, ila hajaambiwa namna ya kuipanga kwenye glasi. Leo tuipange.

Kwanza tuelewane kuhusu sukari

Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari au zaidi, sawa na vijiko vidogo kama 9. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Maana yake soda moja tu imeshavuka.

Wengi huteleza hapa: "Mimi nakunywa juisi, siyo soda." Mwongozo huo huo unahesabu sukari iliyo ndani ya juisi ya matunda na ndani ya asali kuwa katika kundi hilo hilo. Embe lina gramu 14 hivi za sukari katika kila gramu 100, na nanasi kama 10. Ukisaga maembe mawili ukajaza glasi, hujaongeza hata chembe ya sukari ya dukani, lakini glasi imejaa sukari. Asali, sukari guru na tende ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: tunda linaingia kwa kijiko, siyo kwa glasi. Glasi ijazwe na vitu ambavyo karibu havina sukari kabisa: rozela, mchaichai, tango, ndimu, chai, na maji ya gesi (yale meupe yasiyo na ladha yoyote). Angalizo: maji ya toniki hayamo humo, kwa kawaida yametiwa sukari. Soma lebo.

Ukitoa sukari na pombe, weka nini?

Juisi ukiitoa sukari tu ukaishia hapo, inapooza, haina mwili, na mgeni ataiacha nusu. Sukari ilikuwa inabeba ladha na uzito wa kinywaji. Pombe nayo ilikuwa inaleta ule moto kooni na kumfanya mtu anywe polepole. Kazi hizo lazima zifanywe na kitu kingine. Viko vinne:

1. Uchachu – ndimu, limao, rozela, ukwaju, ubuyu. Ndio uti wa mgongo wa kinywaji.
2. Harufu – mnanaa, mchaichai, hiliki, karafuu, mdalasini, ganda la chungwa. Pua inasaidia sana ulimi. Mdalasini na hiliki tumezizoea kwenye vitu vitamu, kwa hiyo ukizinusa tu unahisi utamu hata kama sukari haipo.
3. Mwasho – tangawizi, pilipili manga, kipande cha pilipili mbichi. Huu ndio unaoziba nafasi ya pombe.
4. Ukakasi – majani ya chai au rozela yenyewe. Unamfanya mtu anywe funda kwa funda badala ya kubugia.

Ongeza na chembe ya chumvi, kidogo tu, kiasi cha ncha ya kisu kwa jagi. Chumvi inapunguza uchungu na kuutoa nje utamu mdogo uliopo. Mwenye presha aliyekatazwa chumvi aiache.

Mapishi manne ya kuanzia

*1. Rozela yenye moto*

Maji lita 1, rozela kavu gramu 15 hadi 20 (kiganja kilichojaa), tangawizi vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, karafuu 3, kijiti kimoja cha mdalasini.

Ponda tangawizi, chemsha pamoja na viungo dakika 10. Zima moto, ndipo utie rozela na kufunika dakika 15. Usiichemshe rozela kwa muda mrefu, ukakasi utazidi na harufu itapotea. Chuja, poza. Kwenye glasi weka nusu rozela na nusu maji ya gesi, ongeza ganda la chungwa ulilolikamua kwa vidole ili mafuta yake yarukie juu. Rangi yake tu inatosha kumfanya mgeni wa meza ya pili aulize anakunywa nini mwenzake.

Tumia sufuria ya stenlesi au ya enameli. Alumini na uchachu wa rozela havipatani.

*2. Tango, ndimu na mnanaa*

Tango 1, ndimu 1, majani 10 ya mnanaa, chumvi chembe, maji ya gesi baridi.

Kata ncha ya tango upande wa kikonyo na uitupe, uchungu hukaa sana huko. Saga tango, chuja. Mnanaa usiusage. Uweke kiganjani, upige makofi mawili, utie kwenye glasi. Ukiusaga unatoa uchungu wa majani. Gawa kwa glasi tatu, kamulia ndimu, malizia na maji ya gesi. Tango lina sukari chini ya gramu 2 katika gramu 100, kwa hiyo hiki ni kinywaji chepesi.

*3. Mchaichai na pasheni*

Mabua 4 ya mchaichai yaliyopondwa, maji lita 1, majani ya chai kijiko 1 kidogo, pasheni 2, pilipili mbichi nusu.

Chemsha mchaichai dakika 5, zima, tia chai kwa dakika 3 tu, chuja na uweke kwenye friji. Kila glasi iingie kijiko kimoja cha pasheni pamoja na mbegu zake na kipande chembamba cha pilipili. Pasheni ina sukari kama gramu 11 katika gramu 100, lakini kijiko kimoja ni kidogo, na harufu yake inajaza glasi nzima. Hapa ndipo unapoona maana ya tunda kwa kijiko.

*4. Ukwaju na ubuyu*

Ukwaju usiotiwa sukari gramu 30, maji moto lita 1, hiliki punje 4 zilizopondwa, pilipili manga, unga wa ubuyu kijiko 1 kikubwa kwa kila glasi.

Loweka ukwaju na hiliki nusu saa, fikicha, chuja. Tia unga wa ubuyu kwenye glasi, koroga na ukwaju kidogo kwanza usifanye mabonge, kisha jazia. Ubuyu una pektini, unakipa kinywaji uzito ule ambao sukari ingeuleta. Nyunyiza pilipili manga juu.

Ukwaju usikudanganye: pamoja na ukali wake wote, nyama yake ina sukari nyingi, nusu ya uzito wake na zaidi. Ndiyo maana nimekupa gramu 30 tu. Na ubuyu ni ule unga mweupe mtupu, siyo ule mwekundu wa pakiti uliopikwa na sukari.

Ladha inaanzia shambani

Anayetia sukari anaweza kuficha malighafi mbovu. Wewe usiyetia huna pa kuificha, kwa hiyo zingatia haya:

- Rozela: vuna ua likishaanguka na kikombe chake chekundu kikiwa kimenona, laini, kinavunjika kwa mkono. Ukichelewa kinakuwa kigumu na ladha inapungua. Kausha kivulini au kwenye kaushio la jua, juu ya wavu ulioinuliwa, kwa tabaka jembamba. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na mwanga.
- Tango: likikosa maji linakuwa chungu. Mwagilia mara kwa mara na weka matandazo. Vuna likiwa changa.
- Mnanaa: kata asubuhi kabla haujatoa maua, ndipo harufu ipo juu. Unapenda unyevu, uweke pale yanapomwagika maji ya kuoshea mboga. Upande kwenye ndoo au kopo, vinginevyo utatambaa bustani nzima.
- Mchaichai: kwa vinywaji tunataka bua la chini, siyo majani ya juu tu. Kata karibu na ardhi.
- Tangawizi: changa ina nyuzi chache na ukali wa wastani, nzuri kwa kusaga. Iliyokomaa ina moto zaidi, hiyo ndiyo ya kuchemsha.

Na kwa vile tango na mnanaa vinaliwa vibichi, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya kiuatilifu. Ukinyunyiza leo usivune kesho. Hilo halina mjadala.

Tahadhari ambazo usiziruke

*Kinywaji kisichache.* Juisi yenye tunda ikikaa nje kwenye joto inaanza kuchachuka, na kuchachuka ni kutengeneza pombe. Ukiona mapovu ambayo hukuyatia, mwaga. Hifadhi kwenye friji na umalize ndani ya siku 2. Barafu nayo itokane na maji yaliyochemshwa, si ya bomba moja kwa moja.

*Dawa.* Rozela inaweza kushusha presha kidogo. Anayetumia dawa za presha, au mjamzito, aulize kliniki kwanza kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku. Balungi nalo linaingiliana na baadhi ya dawa za presha na za kushusha lehemu, ndiyo maana sikuliweka kwenye mapishi haya.

*Sukari ikishuka.* Hili liwekeni akilini nyinyi mnaoandaa shughuli. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari: anatetemeka, anatoka jasho jingi, anachanganyikiwa. Wakati huo kokteli zetu hizi hazimfai. Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni soda ya kawaida au maji ya sukari mara moja, halafu hospitali. Aliyezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe. Kwa hiyo hata meza isiyo na sukari iwe na chupa mbili za soda pembeni kwa dharura.

*Vitamu mbadala.* Wengine wananiuliza kuhusu stevia. Mwaka 2023 WHO ilishauri vitamu visivyo sukari visitumike kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, wao wafuate maelekezo ya daktari wao. Ushauri wangu kama mtu wa shamba ni kuzoesha ulimi. Kama leo unatia vijiko vinne kwenye jagi, wiki ijayo tia vitatu, kisha viwili. Usipunguze kwa hasira siku moja, familia itakugomea.

Je, inaweza kuwa biashara?

Inaweza. Rozela kavu kwenye gunia anapanga bei dalali, lakini jagi mezani bei unaipanga wewe. Kikundi kinaweza kuanza kwa kuhudumia shughuli za kijijini, kikatoza kwa jagi, na kila mwanachama akaleta zao lake: huyu tangawizi, yule ndimu, mwingine mnanaa. Mkifika hatua ya kufunga kwenye chupa na kuweka lebo, hapo mnaingia kwenye taratibu za TBS. SIDO nao hutoa mafunzo ya usindikaji, waulizeni kwenye ofisi ya mkoa wenu. Na mkiandika "haina sukari" kwenye lebo, iwe kweli. Kuna mtu mwenye kisukari atakayeiamini.

Kwa kuanzia chagua pishi moja tu, tengeneza jagi moja, wape watu wa nyumbani bila kuwaambia kilichomo. Wakisema kimepooza, usikimbilie sukari. Ongeza ndimu kwanza, halafu tangawizi, halafu chembe ya chumvi. Kwenye shughuli ijayo, weka majagi hayo katikati ya meza pamoja na vinywaji vingine, siyo pembeni kwa "wagonjwa". Mwenye kisukari naye amekuja kusherehekea.

Kazi njema, na mvua ziwe za heri.