Kijana Aliyevunjika Mgongo Mpirani

Butembo haijasahau Septemba 2008. Katika mchezo wa mpira kati ya Nyuki na Socozaki kipa alisingiziwa uchawi. Fujo ikatokea, watu wakakanyagana, 13 wakafa, wengi wao vijana.

Neno hilo la uchawi huumiza hata nyumbani. Kijana wa Butembo au Beni huanguka vibaya mpirani, mgongo ukavunjika, miguu isisikie tena. Jamaa huulizana, “Nani amemroga?” na huku siku zinapita, naye amelala vile vile.

Hakuna aliyemroga. Ndani ya mgongo mna mishipa ipelekayo habari kichwani, nayo imeumia. Wewe ukilalia kokoto utageuka. Yeye hasikii, wala hawezi kugeuka. Damu haipiti mahali palipobanwa, nyama huoza, na kidonda hicho chaweza kumwua.

Basi mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Mama peke yake atachoka, ndugu wapokezane. Kila asubuhi tazama visigino, nyonga na kitokono. Ngozi ikibadilika rangi, asilalie upande ule. Usimkande kwa maji ya moto, wala usimweke karibu na makaa: ataungua bila kulia. Akiketi, ajiinue kwa mikono mara kwa mara.

Wala msimfiche chumbani. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni Roma 1960 na Tokyo 1964, alipooza miguu katika ajali ya gari mwaka 1969. Mwaka 1970 alikuwa Uingereza, ameketi katika kiti cha magurudumu, akishindana kupiga mishale.